PhD ya kumodeli taka za nyuklia kwenye udongo: ubebe bentonaiti au mwamba wa mfinyanzi?

Mtu akiuliza "nataka kufanya PhD kwenye taka za mionzi na udongo, nianzie wapi" majibu yanayokuja huwa ni majina ya programu tu, tumia hii, achana na ile, wakati swali la kwanza kabisa ni udongo upi. Hii kazi ina udongo wa aina mbili na ukizichanganya utajikuta mwaka wa pili bado unasoma vitu visivyokuhusu. Kuna bentonaiti, yani udongo unaovimba ukilowa, uliochimbwa mahali pengine kabisa, ukakaushwa, ukashindiliwa ukawa matofali au punje, alafu ukapangwa kuzunguka kasha la taka. Na kuna mwamba wa mfinyanzi, huu upo chini huko tayari, ule wa Ufaransa una miaka kama milioni 160, wewe unachimba handaki ndani yake unaweka taka na mwamba wenyewe ndo ukuta.

Ufini na Uswidi wana graniti, na graniti ina nyufa zinazopitisha maji, kwa hiyo hawana ujanja, lazima waweke bentonaiti. Ufini handaki lao la Onkalo liko mita 400 na kitu chini ya kisiwa cha Olkiluoto, Uswidi serikali ilikubali mradi wa Forsmark Januari 2022. Upande wa pili Ufaransa wanataka kuzika kwenye mwamba wa Callovo-Oxfordian karibu na Bure, maabara yao iko mita 490 chini, Uswisi wamechagua Opalinus Clay eneo la Nördlich Lägern mwaka 2022, Ubelgiji wamekuwa wakisoma Boom Clay tangu 1980 kwenye maabara ya HADES pale Mol. Uswisi wao wana vyote viwili, bentonaiti kuzunguka kasha alafu mwamba wa mfinyanzi nje yake, kwa hiyo usishangae ukikuta mtu wa Uswisi anaongea lugha zote mbili kwenye mkutano mmoja.

Udongo unafanya kazi gani hasa

Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanadhani udongo ni udongo, unazuia mionzi, basi. Ngoja tufanye hesabu moja ya karatasini. Muda wa kitu kusambaa kwa difyusheni, yani chembe kutembea zenyewe polepole toka palipo na nyingi kwenda palipo na chache, ni umbali kipeo cha pili ukigawanya kwa koefishenti ya difyusheni. Kwenye muundo wa KBS-3, ule wa Uswidi na Ufini, bentonaiti iliyozunguka kasha la shaba ina unene wa sentimita 35. Weka koefishenti ya 10⁻¹⁰ mita za mraba kwa sekunde, hiyo ni ya kawaida tu kwa kitu kisichonata kwenye udongo, unapata kama miaka 40. Arobaini tu! Sasa acha koefishenti ileile, badilisha umbali uwe mita 60, ambayo ni karibu nusu ya unene wa mwamba wa Bure, unapata zaidi ya miaka milioni 1. Umbali umeongezeka mara 170 hivi, muda umeongezeka karibu mara 30,000, sababu ni kile kipeo cha pili.

Kwa hiyo bentonaiti haikuwekwa pale ili icheleweshe kila kitu kwa miaka milioni, haiwezi, ni nyembamba. Kazi yake ni kulinda kasha. Inalowa, inavimba, inaziba mianya yote, maji hayatiririki tena bali kila kitu kinatembea kwa difyusheni tu, na ikiwa imeshindiliwa vizuri hata bakteria wanaotengeneza salfaidi wanakosa nafasi ya kufanya kazi, na salfaidi ndo adui mkubwa wa shaba. Mwamba wa mfinyanzi wenyewe ndo unachelewesha, makasha kule yanaweza kuoza baada ya miaka elfu kadhaa na bado mwamba unaendelea na kazi. Ukishaelewa hilo utaona kwamba hizi ni PhD mbili tofauti kabisa: ya kwanza ni swali la mekanika, ya pili ni swali la usafirishaji na kemia. Zinafanana jina tu.

Upande wa bentonaiti

Swali kubwa hapa ni hili: kasha lina joto, mwamba wa nje una maji, bentonaiti iko katikati ni kavu, nini kinatokea? Joto linakausha upande wa ndani, mvuke unakimbilia nje unapoa unarudi kuwa maji, maji ya mwamba yanaingia kutoka nje, udongo unavimba upande uliolowa na kusukuma upande mkavu, na hayo yote yanatokea kwa wakati mmoja na kila moja linabadilisha mengine. Ukibadilisha unyevu umebadilisha upitishaji wa joto, ukibadilisha joto umebadilisha unyevu. Ndo maana watu wanaita modeli za joto-maji-mekanika kwa pamoja, na ndo maana zinaumiza kichwa.

Mfano mzuri wa kuutazama kwa karibu ni FEBEX, jaribio lililofanyika Grimsel kule Uswisi ndani ya graniti. Walichimba handaki la kipenyo cha kama mita 2.3, wakaweka hita mbili mahali pa makasha, wakazungushia matofali ya bentonaiti kutoka Hispania, mwaka 1997 wakawasha hadi nyuzi 100. Hita ya kwanza ilitolewa 2002, ya pili iliachwa ikiwaka hadi 2015, miaka 18. Walipofungua walikuta matofali yameshikana, ile mianya ya kati ya tofali na tofali imejifunga kama ilivyotarajiwa. Ila, na hili ndo la muhimu, udongo haukuwa sawa mahali pote. Upande wa graniti umelowa na umelegea, msongamano umeshuka, upande wa hita bado ni mkavu na umebana zaidi. Miaka 18 haijatosha kusawazisha.

Na modeli zilisemaje? Modeli za kawaida zilienda vizuri miaka ya mwanzo, baadaye zikaanza kusema udongo umelowa haraka kuliko vihisio vilivyokuwa vinaonyesha. Hapo ndo watu wakaanza kutafuta maelezo: pengine maji hayatembei mpaka msukumo ufike kiwango fulani, pengine joto lenyewe linasukuma maji kurudi nyuma, pengine vitundu vikubwa vinajifunga kadiri chembe ndogo zinavyovimba kwa hiyo njia inakuwa nyembamba. Mimi naegemea hilo la mwisho, linaendana na tunavyojua udongo huu unavyovimba, lakini shida ni kwamba maelezo yote matatu yanaweza kulazimishwa yafanane na data ileile ukichezea vigezo. Hii ndo sumu ya upande huu: vigezo vingi mno. Modeli ya Barcelona ya 1990 ambayo karibu kila mtu anaanzia ina vigezo vya kutosha, ile ya vitundu vya saizi mbili, vikubwa na vidogo, iliyokuja baadaye ndo usiseme. Mtihani wa tasnifu mtu atakuuliza "hiki kigezo umekipima au umekikisia", na inabidi uwe na jibu.

Faida yake ni kwamba kazi haijaisha. Kuna swali la kusawazika kwa msongamano, Ulaya ilikuwa na mradi mzima wa BEACON kwa ajili hiyo tu, kuna swali la joto kubwa, Grimsel hapohapo kuna jaribio la HotBENT waliowasha hita 2021 wakilenga hadi nyuzi 200, wakati kikomo cha kawaida cha bentonaiti kwenye KBS-3 ni 100. Makasha yakiruhusiwa kuwa ya moto zaidi unaweza kuyapanga karibukaribu na kuchimba handaki fupi, kwa hiyo nyuma ya swali la madini kubadilika kuna pesa nyingi. Alafu kuna mmomonyoko, barafu za enzi za barafu zijazo zikiyeyuka maji matamu kabisa yasiyo na chumvi yanashuka kwenye nyufa za graniti, bentonaiti ikikutana nayo inageuka kuwa kama ute na kuondoka kidogokidogo na maji. Swali hilo ni la Uswidi na Ufini hasa na ni gumu kweli.

Upande wa mwamba

Huku maisha yana utulivu zaidi. Mwamba hauvimbi sana, maji yamekaa humo tangu zamani, karibu kila kitu ni difyusheni, mlinganyo unaandikwa mstari mmoja. Ugumu uko kwenye udongo wenyewe kuwa na chaji hasi. Ayoni, yani atomu zenye chaji ya umeme, zikiwa za chaji hasi kama iodaidi na kloridi zinasukumwa mbali na kuta za vitundu kwa hiyo nafasi yao ya kupita ni ndogo kuliko ya maji, zile za chaji chanya kama sesiamu zinanaswa na kubaki. Pia mwamba umejipanga tabaka tabaka, difyusheni sambamba na tabaka ni kubwa mara kadhaa kuliko kukatiza tabaka, ukisahau hilo matokeo yako yote ya pande tatu (3D) ni bure.

Sasa angalizo la chaguo la mada. Watu wakisikia taka za nyuklia akili inaenda plutoniamu. Plutoniamu-239 ina nusumaisha (muda wa nusu yake kuisha) ya miaka 24,100, inanata vibaya sana kwenye udongo, na chini kule hakuna oksijeni kwa hiyo hata kuyeyuka kwenye maji inayeyuka kidogo mno. Ukiandika PhD ya plutoniamu kuvuka mita 60 za mwamba wa mfinyanzi utatoa grafu ambayo mstari wake umelala kwenye sifuri toka mwanzo hadi mwisho. Ni habari njema kwa umma ila mtihani wa tasnifu utakuwa mfupi. Zinazoleta dozi ya mionzi kwa watu mwishoni kwenye hesabu za Ufaransa ni iodini-129, klorini-36 na seleniamu-79, zote zinatembea kama ayoni hasi, hazinati au zinanata kidogo sana, na iodini-129 nusumaisha yake ni miaka milioni 15.7 kwa hiyo kungoja iishe haisaidii. Ukitaka mada yenye uzito kwenye usalama, chukua hizo. Ukitaka plutoniamu basi ifuate karibu na kasha, sentimita za mwanzo, kwenye kutu ya chuma na glasi inayoyeyuka, huko kuna kemia ya kutosha maisha yako yote.

Kitu ninachokipenda zaidi huku ni kwamba jaribio limeshafanywa na dunia yenyewe. Mont Terri, maabara ya Uswisi iliyoanza 1996, walipima kloridi kwenye maji yaliyonaswa ndani ya Opalinus Clay kutoka juu hadi chini ya tabaka, wakakuta chumvi ni nyingi katikati na inapungua ukikaribia miamba ya pembeni inayopitisha maji. Umbo hilo linaelezeka kwa difyusheni iliyochukua mamilioni ya miaka. Unaelewa uzito wake? Jaribio la maabara linakaa mwezi, la shimoni linakaa miaka 10, na bado Uswisi na Ujerumani wanadai hesabu za miaka milioni 1, hakuna mwanafunzi atakayesubiri. Ila hii chumvi ilianza kusafiri kabla yetu sote na modeli yako inaweza kushikwa uongo nayo. Bentonaiti haina kitu cha namna hiyo moja kwa moja, ina mifano ya kufananisha tu. Hata Oklo kule Gabon, ambako uranium iliwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia kama miaka bilioni 2 iliyopita na udongo ulikuwa umezunguka, ni ushahidi wa kutia moyo lakini huwezi kujua hali ya mwanzo vizuri kiasi cha kupima modeli nayo.

Kasoro ya upande huu: mlinganyo wa msingi umeshajulikana, kwa hiyo ukienda na difyusheni tupu mtu atakuuliza jipya liko wapi. Jipya lipo pembeni, kwenye eneo la kuta za handaki lililopasuka wakati wa kuchimba na jinsi linavyojifunga tena, kwenye mahali zege inakutana na mfinyanzi maana zege ina alkali kali na inabadilisha madini, na kwenye gesi, ambayo nitaifikia.

Sasa modeli za aina gani

Ukishachagua udongo ndo unachagua kiwango. Kuna tatu na sizipimi sawa maana hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni hizo za joto-maji-mekanika, CODE_BRIGHT ya Barcelona ndo mkongwe wa bentonaiti, OpenGeoSys ni bure na chanzo chake kiko wazi, nyingine utazikuta kwa supavaiza wako. Utahitaji msingi wa mekanika ya udongo, kama hujawahi kusikia presha ya kufyonza kwenye udongo usiojaa maji jiandae na mwaka mzima wa kusoma. Meshi, yani ule wavu wa vipande vidogo ambavyo modeli inakokotoa juu yake, ikikataa kukokotoa saa 8 usiku hakuna wa kumuuliza, hii tabia nyingine unaizoea tu.

Ya pili ni usafirishaji wenye kemia. PHREEQC ya idara ya jiolojia ya Marekani ni bure, unaendesha kwenye laptopu ya kawaida, kwa kolamu ya mwelekeo mmoja (1D) inatosha kabisa, ukitaka pande tatu unaenda PFLOTRAN na hapo utahitaji klasta, yani kompyuta nyingi zilizounganishwa. Kwa mtu mwenye kemia au jiolojia na ambaye hana kompyuta kubwa hili ndo chaguo langu bila kupepesa, unaona matokeo mapema, unapata makala ya kwanza mapema, na hifadhidata za kemia zipo tayari. Tahadhari moja tu, hifadhidata hizo hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe, chagua moja, andika ni ipi, usibadilishe katikati.

Ya tatu ni molekuli kwa molekuli. Unachukua tabaka la montmorilonaiti, madini makuu ya bentonaiti, unene wake ni nanomita 1 hivi, unaweka maji na ayoni katikati unaacha zitembee. Inaonyesha vitu ambavyo hakuna njia nyingine ya kuviona, kwa mfano kwamba udongo hauvimbi mserereko bali unaruka hatua, tabaka moja la maji nafasi toka tabaka la udongo hadi lingine (unene wa udongo ukiwemo) kama nanomita 1.25, mawili kama 1.55, matatu kama 1.85. Programu ya LAMMPS ni bure, vigezo vya CLAYFF, yani vya nguvu kati ya atomu za udongo, vimetumika tangu 2004. Lakini hatua moja ya muda ni femtosekunde 1, sehemu moja ya milioni ya nanosekunde, ukiendesha hatua milioni 100 umepata nanosekunde 100, na handaki linataka miaka milioni. Nani atajaza hilo pengo? Ukiichagua hakikisha tasnifu ina daraja moja la kupanda juu, mfano unatoa koefishenti ya difyusheni ya sesiamu kati ya tabaka na kuikabidhi kwa modeli kubwa, la sivyo utakuwa umefanya kemia nzuri sana ambayo mtu wa taka haihitaji. Akili bandia ya kuharakisha kemia ndani ya modeli kubwa inapendwa sana saa hizi, inasaidia kweli, ila kama msaidizi wa ile ya pili, sio mada yenyewe.

Nani achukue nini

Umetoka uhandisi wa ujenzi au mekanika, unapenda hesabu na huogopi vigezo: bentonaiti, joto-maji-mekanika, na ujiunge na moja ya kazi za DECOVALEX, hiyo ni ushirikiano wa nchi nyingi tangu 1992 ambapo timu tofauti zinamodeli jaribio moja na kulinganisha. Kuona timu tano zimetoa mistari mitano tofauti kwa data moja kunafundisha kuliko kozi yoyote. Umetoka kemia, jiolojia au fizikia na unataka umalize ndani ya muda: mwamba, usafirishaji wenye kemia, ayoni hasi. Umetoka kemia ya kompyuta na una klasta ya uhakika: molekuli, kwa masharti ya hapo juu.

Na kama wewe ni wa kutafuta shida, chukua gesi. Chuma kikioza pasipo oksijeni kinatoa haidrojeni, kinaoza polepole lakini kwa maelfu ya miaka, na udongo ambao hauruhusu maji kupita hauruhusu gesi nayo. Presha inapanda mpaka gesi inajitengenezea njia yake, inapasua kidogo, inapita, njia inajifunga, inapanda tena. Ukitumia modeli ya kawaida ya maji na gesi kugawana vitundu unapata picha laini ya gesi ikisambaa taratibu, wakati vipimo vya maabara vinaonyesha presha inapanda, inadondoka ghafla, na sampuli mbili zinazofanana hazipasuki mahali pamoja. Tatizo hili liko kwenye bentonaiti na liko kwenye mwamba, kwa hiyo halikufungi upande mmoja, na hakuna modeli moja ambayo watu wote wamekubaliana nayo. Ni ngumu, ni hatari kwa ratiba yako, ila ukiiweza jina lako litajulikana.

Kabla ya kusaini popote muombe supavaiza akuonyeshe data utakayopimia modeli yako, faili lenyewe, sio ahadi ya jaribio litakaloanza mwaka kesho. Sampuli ya bentonaiti ya sentimita chache tu inaweza kuchukua miezi kulowa yote, kwa hiyo jaribio ambalo halijaanza leo huenda likatoa matokeo wewe ukiwa unaandika sura ya mwisho. FEBEX data zipo, Mont Terri zipo, Mol walikuwa na PRACLAY waliowasha hita 2014 hadi nyuzi 80 kwenye Boom Clay. Akikuambia tutazipata tu, muulize kutoka kwa nani na lini, alafu sikiliza anavyojibu.